Nyumba Moja, Mtu Mmoja

Kila mashua za uokoaji zinapotajwa, mawazo yangu hayaendi kwanza baharini, bali kwenye uamuzi mmoja uliotolewa nchi kavu, usiku wa tarehe 19 Desemba 1981, katika kijiji cha wavuvi cha Mousehole, pwani ya Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza.

Usiku huo meli ya mizigo Union Star, iliyokuwa katika safari yake ya kwanza, ilizimikiwa na injini baada ya maji ya bahari kuingia kwenye mafuta, na tufani ikawa inaisukuma kuelekea kwenye miamba ikiwa na watu 8 ndani yake. Helikopta ilijaribu kuwanyanyua, ikashindwa. Wito ulipotolewa, watu waliofika kwenye banda la mashua ya uokoaji iitwayo Solomon Browne walizidi idadi iliyohitajika. Nahodha wa mashua hiyo, Trevelyan Richards, akachagua 7 wa kufuatana naye, na akamkatalia kijana mmoja kwa sababu baba yake alikwisha kuchaguliwa: katika hali ile ya bahari hakukubali kuchukua wawili kutoka nyumba moja.

Nahodha anayepanga watu wake kwa hesabu ya nyumba, na si kwa nguvu za mikono peke yake, ni mtu anayejua katika kila mlango nani atabaki na nani. Aliokwenda nao hawakuwa askari wala waajiriwa. Walikuwemo wavuvi, na alikuwemo pia mwenye baa ya kijiji. RNLI, taasisi ya mashua za uokoaji ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1824, imekuwa ikiendeshwa kwa michango, na hata leo sehemu kubwa ya mabaharia wake ni watu wa kujitolea wanaoacha kazi zao, au usingizi wao, pindi wanapoitwa.

Zamani waliitwa kwa fataki zilizolipuka angani, hivyo hakuna aliyelala asijue kwamba mashua inatoka. Siku hizi kila mmoja huitwa kwa kifaa kidogo kinacholia kiunoni mwake. Ni njia ya haraka zaidi, sipingi, ila fataki iliita mji mzima. Huko Dungeness, pwani ya kusini mashariki mwa Uingereza, kwa mfano, wanawake ndio waliokuwa wakisaidia kuisukuma mashua juu ya kokoto hadi majini, wakijua fika kwamba wanawasukuma waume na ndugu zao.

Solomon Browne, mashua ya mbao yenye urefu wa futi 47, iliifikia meli katikati ya mawimbi makubwa mno, na kwa redio ikaarifu kwamba imekwisha kuwapata watu wanne. Baada ya hapo mawasiliano yakakatika. Watu wote 16, wa meli na wa mashua, walipoteza maisha.

Haikupita siku moja kabla ya watu wa Mousehole kujitokeza kwa idadi ya kutosha kuunda kikosi kipya. Kijiji hicho hujulikana kwa taa za Krismasi zinazopambwa bandarini, na kila tarehe 19 Desemba, saa mbili usiku, taa hizo huzimwa kwa muda wa saa moja.

Yule kijana aliyekataliwa kwa ajili ya baba yake aliendelea kuitikia wito, na miaka baadaye akawa yeye mwenyewe nahodha wa mashua ya uokoaji ya kituo kile kile.