Bastola yangu ilikuwa ikikwama: nilivyoisaka kasoro hadi nikaipata

Bastola ambayo huna uhakika kama risasi ya pili itaingia ni hatari kwako mwenyewe kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Unaibeba, unaiamini, unapanga safari yako kwa kuitegemea, kumbe ni chuma tu. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaomiliki silaha kihalali, kwa sababu nimeona wengi wakipata tatizo hili na kukimbilia kuiuza, au kumpa mtu wa mtaani mwenye tupa aichokonoe.

Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi na alizeti kati ya Dodoma mjini na soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Malipo mengi siku hizi yanapita kwenye simu na benki, lakini ukiingia vijiji vya ndani wakati wa mavuno utakuta wazee wanaotaka kuhesabu fedha kwa mkono wao. Ndiyo maana niliomba kumiliki silaha kwa utaratibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nilipata bastola ya milimita 9 iliyokwisha kutumika, pamoja na magazini zake mbili, vile visanduku vya chuma vinavyobeba risasi na kuingizwa kwenye mpini.

Kwa muda ilikuwa nzuri. Kisha ukaja msimu wa upepo, ule wa katikati ya mwaka ambao kila mkaazi wa Dodoma anaujua: vumbi linaingia kabatini, linaingia kwenye unga, linaingia hadi ndani ya saa ya ukutani. Kwenye uwanja wa shabaha bastola ikaanza kukwama. Inapiga vizuri, mara slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, inasimama nusu, ncha ya risasi imechomeka kwenye chuma chini ya mdomo wa chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa ili ifyatuliwe. Unatoa magazini, unavuta slaidi, risasi inaanguka, unaanza upya. Baada ya muda inarudia.

Anayetusimamia pale uwanjani ni askari mstaafu ambaye sote bado tunamwita afande. Nilipomwendea na malalamiko yangu hakuichukua hata bastola mkononi. Aliniuliza, "Mwanangu, imekwama kwenye risasi ya ngapi, na kwa magazini ipi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia, "Basi hujaanza kutafuta. Nenda kaandike."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na nasema bila kusita kwamba kalamu na daftari vilinisaidia kuliko bisibisi. Nilichukua rangi ya kucha, nikaandika herufi A chini ya magazini moja na B chini ya nyingine. Kila ilipokwama niliandika ni magazini ipi, ni risasi ya ngapi kuanzia juu, ni aina gani ya risasi, na risasi iliyokwama imekaaje. La mwisho hilo nilikuwa nalipiga picha kwa simu, nikiwa nimeiweka bastola mezani, mtutu ukitazama kwenye tuta la mchanga na kidole kikiwa mbali na kifyatulio.

Ili picha zile ziwe na maana, lazima ujue kinachotokea ndani. Ukifyatua, nguvu ya baruti inaisukuma slaidi nyuma. Kulabu ndogo iliyo kwenye slaidi inalivuta ganda tupu kutoka kwenye chemba, ganda linagonga kipande cha chuma na kurushwa nje. Wakati huohuo springi ya magazini inaisukuma juu risasi inayofuata. Springi nyingine, iliyo chini ya mtutu, inairudisha slaidi mbele, na slaidi inapopita inaikomba risasi ya juu kutoka kwenye midomo ya magazini, zile kingo za juu zinazoishikilia risasi isitoke. Ncha ya risasi inapanda kijiteremko cha chuma kilicho chini ya mdomo wa chemba, kitako chake kinateleza kwenda juu hadi kinaingia chini ya ile kulabu, na slaidi inafunga. Yote hayo yanatokea ndani ya kipande kidogo cha sekunde. Springi ya magazini ina nafasi fupi sana ya kuinyanyua risasi kabla slaidi haijaifikia.

Risasi ya milimita 9 tunayotumia wengi ilitokana na kazi ya Georg Luger huko Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na ganda lake limechongoka kidogo: kitako ni kipana kuliko mdomo. Mchongoko huo unasaidia iingie kwenye chemba kwa urahisi. Kwa hiyo risasi hii ikigoma kuingia tena na tena, kuna kitu kimeizuia.

Daftari langu lilianza kusema. Kukwama kwingi kulikuwa kwa magazini B, na kulikuwa kwenye risasi za mwisho mwisho. Picha zilionyesha ncha ikiwa imeelekea chini, imegonga sehemu ya chini ya kijiteremko. Hiyo ni dalili ya risasi iliyochelewa kupanda: slaidi imeikuta ikiwa bado chini, ikaisukuma ikiwa imeinama. Na kwa nini risasi za mwisho? Kwa sababu magazini inapokaribia kuisha springi imenyooka, na nguvu iliyobaki ndani yake ni ndogo. Springi nzima bado inatosha hapo. Iliyochoka haitoshi.

Nilizifungua magazini zote mbili nyumbani, nikiwa nimezifungia risasi mbali. Angalizo kwa asiyewahi kufanya: kile kifuniko cha chini kikitoka, springi inaruka kwa nguvu, kwa hiyo funika kwa kiganja na usiweke uso wako karibu. Springi ya B ilikuwa fupi kuliko ya A, tofauti inayoonekana kwa macho bila kupima. Tena ndani yake kulikuwa na kitu kama tope kavu. Mwenye bastola wa zamani alikuwa akimimina mafuta ndani ya magazini, na mafuta yalikuwa yameshika vumbi letu la Dodoma hadi yakageuka gundi. Kile kibao cha plastiki kinachobeba risasi juu ya springi kilikuwa kinapanda kwa kusitasita.

Hapa nina neno na wale wanaosema magazini ikikaa na risasi muda mrefu springi inakufa. Springi iliyotengenezwa vizuri haichoshwi sana na kukaa imebanwa. Inachoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa. Magazini ya mazoezi ndiyo inayochoka mapema, na B ilikuwa ndiyo ya mazoezi ya yule bwana.

Niliosha ndani ya magazini kwa maji ya sabuni, nikapitisha kitambaa, nikaziacha zikauke kabisa. Sikutia mafuta hata tone. Magazini inatakiwa kuwa kavu, hasa huku kwetu. Mafuta ndani yake yanakusanya vumbi, na yanaweza pia kupenya hadi kwenye kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi na kuiharibu. Nilikagua midomo ya magazini kwa kuitazama dhidi ya mwanga, nikalinganisha A na B: hakuna uliopinda, hakuna uliopasuka. Ungekuwa umepinda, nisingeukunja kwa koleo. Mdomo uliokunjwa na kurudishwa haukai sawa, na magazini ya namna hiyo inatupwa.

Springi mpya niliagiza kwa muuzaji mwenye leseni. Ilichukua muda kufika, basi katika kusubiri nikarudi uwanjani na A peke yake.

Ikakwama tena.

Nakiri moyo ulishuka, lakini picha zilikuwa tofauti, na hilo ndilo lililonitia nguvu. Safari hii risasi ilikuwa imeingia karibu yote, slaidi ikabakiza milimita chache tu kufunga. Ukiisukuma kwa kiganja inafunga. Hii haikuwa kazi ya magazini. Magazini ilikwisha kuiachia risasi. Afande alitazama picha akasema nitazame sehemu tatu: chemba, kulabu na springi ya slaidi.

Chemba ilipimwa palepale uwanjani. Bastola ilihakikiwa kuwa tupu: magazini imetoka kwanza, kisha slaidi imevutwa, kisha tukatazama ndani na kuingiza kidole kidogo kuhakikisha, mimi na yeye, kila mtu kwa zamu yake. Ikafunguliwa, mtutu ukatolewa peke yake. Mtutu uliotolewa hivyo hauna kitu cha kuipiga risasi, ndiyo maana kipimo hiki ni salama. Unaangusha risasi kwenye chemba: inatakiwa idondoke yenyewe na kutoa mlio wa kugonga, na ukipindua mtutu itoke yenyewe. Yangu iliingia, ikasita, na kutoka ilihitaji kutikiswa. Tulijaribu risasi nyingine za boksi lilelile na za boksi jingine, zote zikasita. Kwa hiyo risasi hazikuwa na kosa. Ndani ya chemba kulikuwa na masizi yaliyoganda kama masizi ya sufuria ya kuni, ya kusugua na si ya kupangusa.

Brashi ya shaba na kisafishio vilimaliza hilo. Kulabu nayo ilikuwa na uchafu chini yake, mahali ambapo kitako cha risasi kinatakiwa kuteleza kwenda juu. Nilitumia kijiti cha meno, na nilistaajabu kwa kiasi kilichotoka mahali padogo namna ile. Ukiacha uchafu pale, kitako cha risasi hakina nafasi ya kupanda, na slaidi inasimama.

Kuhusu mafuta: tone moja kila upande kwenye reli ambazo slaidi inatelezea, tone kwenye mtutu mahali chuma kinaposuguana na chuma, kisha unapangusa kinachong'aa. Najua vitabu vingi vinasisitiza mafuta. Mtu wa Tanga au Bukoba, mwenye unyevu na kutu, ana hoja yake. Dodoma ni nusu jangwa, mvua zetu zinakatika mwezi wa nne au wa tano na hazirudi hadi mwisho wa mwaka, na adui wetu ni vumbi. Nikisafiri kwenye barabara ya vumbi, jioni ileile naisafisha.

Jambo moja nililokataa ni kusugua kijiteremko. Jamaa mmoja alinishauri nikipige msasa kiwe laini, risasi ipande vizuri. Tafadhali usifanye hivyo. Chuma kikiondolewa hapo hakirudi, na ukizidisha, sehemu ya ganda inabaki bila kuta za chemba za kuishikilia wakati baruti inalipuka. Ganda linaweza kupasuka mkononi mwako. Kusafisha ni kazi yako. Kubadilisha umbo la chuma ni ya fundi silaha mwenye kibali, na mara nyingi hata yeye atakuambia hakuna haja.

Springi ya slaidi ndiyo niliyomwachia fundi wa namna hiyo. Aliilinganisha na mpya, akaona imefupika, akaibadilisha kwa yenye nguvu ileile ya kiwandani. Nilimuuliza kama tuweke ngumu zaidi ili ifunge kwa nguvu. Akakataa, na sababu yake iliniingia: springi ikiwa ngumu kupita kiasi, slaidi hairudi nyuma ya kutosha, inashindwa kuifikia risasi inayofuata, na inafunga chemba ikiwa tupu.

Springi za magazini zilipofika niliziweka zote mbili. Tukarudi uwanjani, afande akanifanya nipige kwa mikono miwili, kisha mmoja, kwa sababu mkono unaolegea nao unaikwamisha bastola: slaidi inahitaji mkono imara wa kuegemea inaporudi nyuma. A ikamaliza. B ikamaliza, mpaka risasi ya mwisho kabisa, slaidi ikabaki wazi nyuma kama inavyotakiwa. Siku zilizofuata tukarudia kwa risasi za gramu 7.5 na za gramu 8, zote za ncha ya mviringo, na daftari likabaki jeupe.

Juzi rafiki yangu wa Kondoa, naye ana leseni, alinipigia akasema yake inakwama na anafikiri ni vumbi. Nikamuuliza kile afande alichoniuliza mimi: risasi ya ngapi? Akajibu ni ya kwanza, kila mara, magazini ikiwa imejazwa hadi mwisho. Hiyo si springi iliyochoka. Nilimwambia apunguze risasi moja, aipige magazini kwa kiganja hadi isikike imekaa, na anapokoki aivute slaidi hadi mwisho na kuiachia yenyewe badala ya kuisindikiza kwa mkono. Ikiendelea, aziandike magazini zake herufi.