Risaldari wa hitima yetu

Kila Oktoba shangazi husomesha hitima nyumbani kwake Nyangao. Ni wasia wa babu yake, aliyekuwa mpagazi wa Waingereza mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jana usiku, ubani ukifuka, mwalimu alitaja marehemu wetu mmoja mmoja, akamalizia na jina nililolisikia tangu utoto: Risaldari. Siku zote nilidhani ni mkwe wa zamani. Safari hii nikauliza.

"Yule Mhindi wa farasi, mwanangu," akasema shangazi. "Babu alikuwa akimkatia majani ya farasi wake."

Farasi hawakuiweza nchi hii. Mbung'o waliwaambukiza ugonjwa wa nagana, wakakonda mpaka mbavu zikahesabika, wakaanguka njiani. Wa Risaldari naye alikufa, na bwana wake akatembea kwa miguu nyuma ya wabeba mizigo, kilemba kichwani. Babu hakujua Kiurdu, naye hakujua Kiswahili. Wakati wa swala ulipoingia walisimama bega kwa bega, basi, ndiyo mazungumzo yao.

Homa ikamshika. Wakambeba kwa machela siku mbili, babu akiwa upande wa kichwani. Alipofariki, babu ndiye aliyemwosha. Sanda haikuwepo porini. Wakakifungua kilemba chake, kirefu kile, wakamkafini nacho. Hapo shangazi alinyamaza kidogo, akafuta macho kwa ncha ya kanga, kana kwamba alikuwepo.

Risaldari hakuyaona mapigano ya Mahiwa, hapa jirani, ambako kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba upande wa Waingereza ulipoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa, wakiwemo vijana wengi wa Nigeria. Mwezi uliofuata Wajerumani wakavuka Ruvuma, na vita vikahamia ng'ambo.

Sikulala. Nikatafuta kwenye simu, nikaona kwamba risaldari si jina. Ni cheo cha afisa wa Kihindi katika jeshi la farasi, aliyekuwa chini ya maafisa Waingereza enzi hizo. Zaidi ya miaka 100 tumekuwa tukimwombea mtu kwa cheo chake.

Alfajiri nilimweleza shangazi, nikiogopa kumvunja moyo. Alikuwa anaanika korosho za mwanzo. Akazitandaza zote kwanza, taratibu, ndipo akaniangalia.

"Kwa hiyo mama yake alikuwa akimwitaje?"

Nimeondoka Nyangao sina jibu la kumpa.