Nilivyobadilisha breki za mbele za gari langu la zamani

Breki zilianza kupiga mluzi mwembamba kila nilipokanyaga. Siku chache baadaye mluzi ukageuka mkwaruzo wa chuma kwa chuma, na gari likawa linavutia kushoto nikishika breki. Nikaliegesha, sikuligusa tena mpaka nilipopata siku nzima ya kulifungua.

Nililegeza nati za magurudumu kabla ya kuinua, nikaweka kabari magurudumu ya nyuma, nikapiga jeki na kulikalisha kwenye stendi mbili. Jeki peke yake siiamini hata kidogo.

Upande wa kulia ndiko nilikopata jibu. Pedi ya nje, yaani kipande kinachobana diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu), ilikuwa bado na unene wa milimita 6 hivi. Ya ndani imekwisha kabisa, bamba lake la chuma linachimba diski. Ningekuwa na haraka ningetia pedi mpya na kufunga. Lakini pedi mbili za gurudumu moja hufanya kazi ileile, kwa nini moja iishe na mwenzake ibaki? Nikazijaribu pini mbili ambazo kalipa, kile kibanio kinachozikandamiza pedi kwenye diski, huteleza juu yake. Ya juu ilitoka kwa vidole. Ya chini ilikuwa imeganda kwa kutu, mpira wake umepasuka na maji yameingia. Kalipa haikuweza kuteleza, hivyo pistoni, inayosukumwa na mafuta ya breki upande wa ndani, ilikuwa inaikandamiza pedi ya ndani huku ya nje ikigusagusa tu. Ndiyo maana gari lilivutia kushoto, upande ulioshika vizuri.

Pini hiyo moja ilinichukua zaidi ya saa nzima: mafuta ya kulegeza kutu, kusubiri, kuizungusha kwa spana kidogo kidogo kwenda na kurudi. Ilipotoka niliitupa, nikaweka mpya na mipira yake, na grisi ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida huvimbisha mpira.

Muda wote huo kalipa niliifunga kwa waya kwenye springi isining'inie kwa hosi. Diski nilibadilisha zote mbili. Zilikuwa zimepungua chini ya kipimo kilichogongwa ukingoni mwake. Vumbi sikulipuliza, maana pedi za zamani huweza kuwa na asbesto. Nililifuta kwa kitambaa chenye maji. Pistoni niliirudisha taratibu kwa klempu, jicho likiwa kwenye chupa ya mafuta ya breki, kwani hupanda, na yakimwagika hubabua rangi ya gari.

Kabla ya kuwasha gari nilikanyaga pedali. Mara ya kwanza ilizama mpaka chini. Nikaendelea kuipampu mpaka ikawa ngumu, ndipo nikatoka, nikapunguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa mara kumi hivi bila kusimama kabisa, ili pedi mpya zizoeane na diski, nikiziacha breki zipoe katikati.

Baada ya kilomita 300 nililivua tena gurudumu la kulia. Pedi ya ndani na ya nje zilikuwa na unene mmoja.