Ukoka wangu umeamka!

Jamani, theluji imeyeyuka na kijani kimeanza kuchungulia mbele ya nyumba. Nimefurahi mno! Hapa Calgary, Kanada, ni pakavu, mvua na theluji ya mwaka mzima ni kama milimita 400 tu. Lakini kwangu mtihani mkubwa ni chinook, upepo wa joto unaoshuka kutoka milima ya Rocky katikati ya majira ya baridi. Unaiyeyusha theluji iliyofunika nyasi kama blanketi, halafu baridi kali inarudi na kuzikuta ziko wazi.

Kiangazi nazikata zibaki na sentimita 7 au 8, zitie udongo kivuli. Namwagilia asubuhi na mapema, mara chache ila maji mengi, mizizi iyafuate chini. Zikikauka Agosti, msizing'oe, zimelala tu.