Yaya hakupatwa na kitu

Filme yetu juu ya depresyo, ule ugonjwa wa roho wenye unatosha mutu nguvu na furaha, imeisha, iko ya dakika 14, na swali yenye naulizwa kupita zote, kuanzia ku mama yangu mpaka ku mukubwa moja wa shirika mwenye alinipokea mu biro yake, ni moja tu: sasa yule Yaya alipatwa na nini? Bwana alimukimbia? Alifiwa? Ni mambo ya vita? Balimuloga? Najibu kama hakupatwa na kitu. Banangojaka niendelee, siendelei, njo pale banaanza kukasirika kidogo.

Kwa benye hamuyaiona: ni dada moja wa hapa Bukavu, mu filme banamuita paka Yaya, anauzisha sambaza ku soko ya Kadutu, anakaa na badogo wake babili, iko mu korali, anachekesha batu, na ndani yake hakuna kitu inatembea. Hakuna mutu anakufa mule, hakuna mutu anapiga mutu. Anaamka, ao anashindwa kuamka, anaenda, anarudi. Kuna plani moja ndefu sana, montere wangu, mwenye anaungaka picha, alitaka kuikata nikakatala, yenye Yaya anasimama mbele ya bidon ya litre 20, ya njano, anapaswa kuibeba aende ku robine, na hawezi. Na bidon iko tupu! Haina uzito ata wa kumusumbua mutoto wa miaka tano.

Ile bidon naijua juu mimi pia nimekaaka mule. Sitaeleza sana. Nilikuwaka na kazi, nilikuwaka na afya, kwetu ule mwaka hakuna mutu alikufa, na mimi niko ku kitanda saa ine za asubui naangalia manjanja ya nyumba, nasikia mama anapiga mulango, na kinywa inakatala kujibu. Kitu yenye iliniumiza kupita depresyo yenyewe ni kukosa sababu. Juu mu mji sawa huu wetu kila mutu iko na sababu ya kweli ya kulia, jirani alikimbia vita toka Kalehe na batoto ku mugongo, mwengine hajui bwana wake iko mzima ao alikufa, na wewe, wewe ulipatwa na nini? Basi unaanza kujihukumu, unaficha, unacheka kwa nguvu mbele ya batu ili basione, na ile haya inakuwa ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Siku nilikubali kuenda kuonana na infirmie wa mambo ya kichwa alitosha karatasi. Maswali 9. Mu hizi wiki mbili zenye zimepita, ni mara ngapi ulikosa furaha mu bitu byenye unafanyaka, ulilala vibaya ao ulilala kupita kipimo, ulisikia kuchoka, ulikosa hamu ya kula ao ulikula sana, ulijiona mutu bure, mpaka ile ya mwisho yenye inauliza kama uliwazaka ingekuwa muzuri ukufe. Ile karatasi inatumikishwaka fasi mingi duniani. Mimi nilikuwa nangojea swali ya kumi, ile ya "juu ya nini", nilikuwa tayari nimepanga uongo ya kumuambia. Haikukuya. Karatasi haina fasi ya kuandika juu ya nini. Naamini senario ilianzia pale, ata kama niliiandika nyuma sana.

(Na nilichelewaka kuenda juu munajua vile jina ya Sosame banaitumikisha hapa kwetu, mutu akiongea peke yake mu barabara bataambia ndugu zake bamutwale Sosame, kila mutu anacheka. Ni kituo ya magonjwa ya kichwa yenye Frères de la Charité balifungua mu 1994, na mutu anaweza kuenda pale asubui, anaongea na munganga, anapewa dawa, anarudi kwake kupika bugali. Mu filme tumeweka iko hivyo hivyo, Yaya anatoka kwa infirmie anapita ku soko kununua sombe. Sinema ya bichaa benye biko na minyororo na banapiga makelele, hiyo tumeiona ya kutosha.)

Sasa franga. Ule mukubwa wa shirika alisoma senario, aliipenda, na sisemi vibaya juu yake, alisema iko na kitu kidogo ya kutusaidia, paka tuongeze sene moja: Yaya anakumbuka siku bapiganaji balifika mu mugini yao. Dakika moja tu, alisema, batoaji bataelewa mbio. Na iko na haki, batoaji bangeelewa mbio kabisa! Nilikatala. Si kama najifanya sioni vita, nani anaweza hapa. Bamama benye balipita mu ile mambo balishasema, banaendelea kusema, na bako na haki ya kusikilizwa kwa jina ya ile yenye balitendewa. Lakini kama kila mutu wa Bukavu mwenye anaumwa mu roho anapaswa kwanza kuonyesha bunduki ili aaminiwe, mwenye hana bunduki ya kuonyesha atabakia ku kitanda yake na haya yake. Ata mwenye alikimbia vita anaweza kuumwa depresyo miaka mingi nyuma, siku yenye kila kitu kwake iko sawa, na hatajua aiite nini. Tulifanya filme na franga ya mifuko yetu na kamera ya kuazima.

Pasta wa kanisa ya jirani naye alitaka mwisho ikuwe maombi. Huyo nilimupenda sana. Alitupa mabenchi, alibadilisha saa ya korali kurudilia nyimbo ili tupate kimya, na aliniuliza paka, mwanangu, kwa nini asifunguliwe? Nikamuambia papa pasta, mu filme Yaya anaomba kila siku, na anaendelea kuumwa, na Mungu hajamuacha, hii yote mutu anaweza kukuwa nayo mara moja. Alinyamaza, kisha akauliza kama korali yake itaonekana muzuri ku picha.

Kucheza sasa. Mama mwenye alicheza Yaya ametoka mu teatre, na mu teatre ukiumia unalia, unaanguka chini, batu ba nyuma kabisa banapaswa kuona. Prizi ya kwanza alilia, machozi ya kweli, ekipe yote ikanyamaza, ilikuwa muzuri na haikutumika ku kitu. Nikamuambia yaya, usilie. "Sasa mudogo wangu, batajua aje kama naumia?" Nikamuambia cheka. Aliniangalia sawa vile mutu anaangalia mupumbavu. Lakini alijaribu, mu ile sene ya korali kisha mazoezi, bote banatania, yeye njo anatania kupita bote, na kamera inabakia juu yake segonde kidogo kisha bengine kugeuka, ile cheko inashuka pole pole ku uso, inaenda, hakuna kitu inakuya fasi yake. Ni sene yenye najivunia, na haina neno ata moja.

Kwa bijana benye banataka kufanya filme na bitu bidogo, nibape ile yenye tulijifunza juu ya taa. Balbu za LED za bei ya chini, zile tunanunuaka Nyawera, ku macho ziko muzuri, ku kamera zinatetemeka, mistari inapita juu ya picha. Umeme yetu ni ya 50 Hz, na telefone mingi zinatoka mu karton ziko ku picha 30 kwa segonde. Weka 25, na obtirateri (wakati kamera inabakia wazi kwa kila picha) ku 1/50 ya segonde, batu mingi bataacha kuona ile mistari. Na kama ni delestaji usingoje, fungua mulango, weka shuka mweupe upande wenye giza, umemaliza. Karibu nyumba yote ya Yaya tuliipiga hivyo. Inje hatukutoka sana, tangu mji ulibadilisha mikono mu mwezi wa pili wa 2025 mutu hatembei tu na kamera ku bega sawa zamani, basi soko tuliionyesha kwa sauti, mulango imefungwa na Kadutu yote inaingia kupitia dirisha.

Na sauti, ndugu zangu, Kadutu haijuake kunyamaza. Manyumba ziko moja juu ya ingine ku mulima, radio ya jirani wa juu, mutoto wa jirani wa chini, jenereta, moto zinapanda. Yaya wetu wa sauti (huyu ni mwanaume, tunamuita yaya juu ametupita miaka) alikuwa na mikro ya kuvalisha ku nguo na telefone ya pili ya kurekodi, alikuwa anafikia kulia. Kisha tulikaa ku montaji tukagundua kama tulikuwa tunapigana na kitu yenye tulihitaji. Mimi nikiwa mule ndani, sauti ya mutu mwenye ananiongelesha ilikuwa inafika toka mbali, na ile radio ya jirani ndiyo ilikuwa karibu. Tukafanya hivyo: tukapunguza benye bako mbele yake, tukapandisha mulima muzima. Montere alitaka piano juu yake. Hapana. Piano inaambiaka mutazamaji "lia sasa", na mutu mwenye analia tayari ameelewa mbio sana.

Dawa ilitupa kazi. Mu filme mingi mutu anameza kidonge, kesho jua inatoka. Kumbe hizi dawa zinaombaka wiki mbili, tatu, ata zaidi mbele usikie kitu, na unapaswa kuendelea miezi mingi kisha kusikia muzuri, na unaonyesha aje wiki tatu za "bado" mu dakika mbili? Nilikumbuka kinywa. Mimi nilikuwa ku amitriptyline, ile inakaushaka kinywa vibaya sana, basi Yaya wetu anakunywa maji. Ku soko anakunywa, ku korali anakunywa, usiku anaamka anakunywa. Badogo wake banaanza kulalamika maji inaisha mbio mu nyumba. Na mwenye anakunywa njo anapaswa kujaza bidon.

Kulikuwa pia ile swali ya mwisho ya karatasi, ya kufa. OMS, shirika ya afya ya dunia, ilitoaka mu 2019 kitabu kidogo cha batu ba sinema juu ya kuonyesha mambo ya mutu kujiua, na nilikisoma mbele ya kuandika ile sene: usionyeshe njia, usionyeshe chombo, onyesha mutu anaongea na mwenye anamusikiliza. Kwetu infirmie anauliza waziwazi, Yaya anajibu ndiyo, anauliza tena, anajibu. Batu bengine baliniambia kumuuliza mutu hivyo ni kumutia wazo mu kichwa. Hapana, haimutii, mara mingi inamupunguzia muzigo.

Tulionyesha filme mu parsele kwetu, ku shuka ile ile ya taa, na batri ya soleri. Ku bidon batoto balicheka. Kisha mama moja wa ku soko akasema kwa sauti kama huyu dada ni muvivu tu, angekuwa na bukwe mukali angebeba. Rafiki yake akamugeukia: na wewe ule mwaka ulikuwa haukuyake ku soko, ulikuwa muvivu? Filme ikaendelea peke yake, hakuna mutu alikuwa anaiangalia tena, bote balikuwa banagombana, na mama yangu, mwenye mwezi muzima alikuwa ananiuliza kwa nini natosha mambo ya nyumba inje, alikuwa mu katikati anaeleza batu maswali 9.

Sasa natafuta bibi mwenye anasema mashi ya kweli, asome maneno ya filme juu ya picha, juu bibi zetu ba Kabare na Walungu habatasoma sutitre. Sauti ya mahubiri sitaki, nataka sauti ya mutu mwenye anaongea huku anachagua maharagi. Na kama uko na parsele ao sale yenye batu 30 banaweza kukaa, niandikie, projekteri nitaazima, paka uniambie mbele kama kwenu kuko umeme ao nikuye na batri.