Safu Tano za Jedwali

Mwaka jana, nilipokuwa nikiandika tasnifu ya uzamili huku usingizi ukiwa umenipaa kwa takriban miezi miwili, nilijiunga na mafunzo ya mtandaoni ya wiki nane kwa vijana, yaliyounganisha mazoezi ya utulivu wa akili na tiba ya fikra na tabia, yaani tiba inayokufundisha kuyahoji mawazo yako na kubadili mienendo yako.

Wiki ya kwanza tuliagizwa kula punje moja ya zabibu kavu polepole, tukiitazama na kuinusa kabla ya kuitafuna. Zoezi hilo ni la Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo yake ya utulivu wa akili mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, akiwalenga wagonjwa wenye maumivu sugu. Nakiri kwamba nilicheka, na zabibu za pakiti nzima zikaisha.

Kilichonishika ni jedwali la mawazo. Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, alibaini katika miaka ya 1960 kwamba wagonjwa wake wa sonona walijiwa na mawazo ya ghafla ambayo waliyaamini bila kuyahoji. Ndiyo maana jedwali lina safu za tukio, wazo, hisia, ushahidi wa kuliunga mkono wazo na ushahidi wa kulipinga. Siku moja niliandika kwamba msimamizi wangu amesoma ujumbe tangu asubuhi na hajajibu. Wazo: "Amenichoka." Hisia: aibu, 80 kwa 100. Kwenye ushahidi wa kuunga mkono niliandika "tiki mbili za bluu", kisha kalamu ikasimama. Upande wa pili nilikumbuka kwamba wiki iliyotangulia alinirudishia sura ya pili ikiwa imejaa wino mwekundu, na mtu aliyekuchoka hahangaiki na koma zako. Aibu ilishuka hadi 40, haikuisha.

Hata hivyo, wiki ya nne niliacha. MoodGYM, programu ya mtandaoni ya tiba ya fikra na tabia iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mwaka 2001, ilivuta watu wengi mno, lakini wengi wa waliojisajili wenyewe hawakufika mbali, na sishangai, kwa sababu kikumbusho cha simu hufutwa kwa kidole kimoja. Mimi nilirudishwa na mnasihi aliyekuwa akinipigia kila Alhamisi jioni. Hakunilaumu, aliniomba tu nimsomee mstari mmoja wa jedwali, na nilipomwambia kwamba sikuwa na hata mmoja, alisema, "Basi tuanzie hapo. Tukio: hukujaza. Wazo lilikuwa nini?"