Jeli ya fangasi na fuwele nilizoziona kwenye hadubini

Kuua fangasi ndani ya kisahani cha maabara ni sehemu nyepesi ya kazi. Ketokonazoli, dawa ninayoitengenezea jeli ya kupaka, huzuia fangasi kutengeneza ergosteroli, mafuta yanayoimarisha utando wa seli zake, na baada ya siku chache duara lisiloota kitu huonekana waziwazi. Kwenye ngozi mambo ni mengine, kwa kuwa fangasi wa choa huishi katika tabaka la juu la seli zilizokufa, akila keratini, protini inayojenga tabaka hilo la ngozi, na tabaka hilo, ijapokuwa katika sehemu nyingi za mwili unene wake ni takriban mikromita 10 hadi 20 tu, limeumbwa kuzuia vitu visipenye.

Jeli yangu ya kwanza ya kubeba dawa hiyo ilikuwa ya kaboma, kemikali inayofanya maji yawe mazito. Unga wake hunyunyizwa kidogo kidogo katika maji yanayokorogwa, huachwa uvimbe, kisha matone ya trietanolamini hupunguza tindikali, na mchanganyiko uliokuwa majimaji huwa mzito papo hapo. Tatizo ni kwamba ketokonazoli huyeyuka vizuri zaidi penye tindikali kuliko penye maji ya kawaida. Kwa hiyo hatua ileile inayoipa jeli uzito inaweza kuirudisha dawa katika hali ya fuwele. Jeli ilikuwa laini na ya kupendeza, lakini chini ya hadubini niliona vijisindano vingi vya fuwele za dawa. Niliongeza viyeyushi, yaani propilini glikoli na ethanoli (aina ya alkoholi), ili dawa ibaki imeyeyuka, nikijua kwamba ethanoli ikizidi huchoma vibaya ngozi iliyopasuka katikati ya vidole vya miguu.

Tangu hapo siiamini jeli kwa kuiangalia. Huiweka juu ya utando katika chombo chenye vyumba viwili, kwenye nyuzi joto 32 kama ilivyo juu ya ngozi, na kupima kiasi cha dawa kinachovuka kila saa. Mara nyingi jeli nzito mno, ambayo mkono huisifu, ndiyo inayong'ang'ania dawa yake.

Wapo wanaoshauri steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, iongezwe kwenye jeli ili muwasho upoe haraka. Nakataa kabisa. Steroidi hutuliza wekundu na kufifisha ukingo wa choa huku ikidhoofisha kinga ya ngozi, hivyo fangasi huendelea kusambaa, na daktari atakayemwona mgonjwa baadaye hushindwa kuutambua ugonjwa.